TET JUU YA HONDA DREAM: Mwaka mpya usiomngoja aliyechelewa

Msomaji wangu, kama umewahi kusimama stendi tarehe 22 Desemba ukimbembeleza wakala akupatie japo kiti cha nyuma cha basi la Moshi, basi somo la leo utalielewa bila mwalimu. Tunawajua ndugu zetu Wachaga. Krismasi ikibisha hodi, Dar inabaki nyeupe. Sasa chukua kasheshe hiyo, izidishe kwa nchi nzima yenye watu milioni 100, halafu washushe kwenye mabasi uwapandishe pikipiki. Hiyo ndiyo Tet.

Tet ni mwaka mpya wa Wavietnam kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Haina tarehe moja kwenye kalenda yetu. Mara iangukie mwishoni mwa Januari, mara Februari. Mwaka 2025 iliangukia Januari 29, ukaanza mwaka wa Nyoka, na serikali ikatoa mapumziko ya siku 9 mfululizo. Ndani ya siku hizo kila mtu anatakiwa awe kwao. Siyo kwake, kwao. Pale walipozikwa babu zake, penye meza ya kufukizia ubani na picha za marehemu ukutani.

Na chombo cha kumfikisha ni pikipiki. Nchi ile ina pikipiki zilizoandikishwa zaidi ya milioni 70. Kule kusini watu huziita Honda tu, hata kama ni Yamaha. Na bodaboda wao huitwa xe om, maana yake chombo cha kukumbatia. Ukishakaa nyuma kwenye kona kali utajua kwa nini.

KAKA MWENYE PIKIPIKI YA DINGI

Jinsi nilivyofika Da Nang ni hadithi ndefu. Kwa kifupi, mshikaji wangu niliyemaliza naye fomu foo anasoma chuo kule, akanialika. Jirani yake wa chumba cha pili alikuwa kijana wa jikoni katika hoteli moja ya ufukweni, kwao ni Quang Tri, mwendo wa kilomita kama 170 kaskazini. Mshikaji alishakwenda naye mwaka wa nyuma yake, siku za kawaida. Safari hii nafasi ya nyuma nikapewa mimi.

Kitu cha kwanza alichoniuliza jamaa ni umri. Usikasirike ukiulizwa hivyo Vietnam. Lugha yao haina "wewe" moja ya kumfaa kila mtu. Lazima ijulikane nani mkubwa ili ujue umwite kaka, dada, baba mdogo, shangazi au baba mkubwa. Kwa mtu aliyekua na shikamoo, hilo halina ugeni wowote. Alinizidi miaka miwili, kwa hiyo mimi nikawa "em", mdogo, na yeye akawa "anh", kaka. Nitamwita hivyo hivyo hapa, Anh. Tulielewana kwa Kiingereza chake cha hotelini na changu cha fomu foo.

Anh alikuwa hajaonekana kwao kwa Tet mbili. Siyo kwamba hapendi. Sheria ya kazi ya Vietnam inataka anayefanya kazi siku za sikukuu alipwe si chini ya asilimia 300 ya malipo ya kawaida, na hoteli hazifungwi. Mara zote mbili alibaki akazipiga zile siku za mara 3, pesa akamtumia maza wake. Safari ya pili mama akamjibu kwa simu: "Hela nimeipata, mtoto sijampata." Baba alishafariki miaka mitano nyuma, na Anh ndiye mtoto wa kiume pekee. Jioni ya mwisho ya mwaka familia hualika marehemu waje kula na walio hai, na mama alitaka mwanawe ndiye awashe ubani.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya dingi, Honda Dream ya miaka ya 90. Msiizarau. Enzi hizo Dream ilikuwa kitu bomba, watu waliihesabia bei kwa dhahabu, na aliyekuwa nayo mtaani alikuwa mtu. Anh aliiosha usiku wa kuamkia safari mpaka spoku zikang'aa. Nchi nzima huosha pikipiki siku zile, maana mwaka mpya hauingiwi na tope la mwaka jana. Wenye sehemu za kuoshea hupandisha bei, na hakuna anayelalamika.

Bosi alimwachia Anh saa 4 asubuhi ya Januari 28. Mwaka ule mwezi wa mwisho ulikuwa na siku 29 tu, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kufunga hesabu. Jioni ile ama uko mezani, ama umekosa.

MSHIKAKI WA KUSINI

Nje ya mji nilidhani nimechanganyikiwa: miti ilikuwa inatembea. Ukiangalia vizuri unakuta chini ya mti kuna pikipiki, na juu ya pikipiki kuna mtu anayechungulia kati ya matawi. Kaskazini, kama Hanoi, hubeba matawi ya mpichi yenye maua ya waridi. Kuanzia katikati kwenda kusini ni mti wa mai, wenye maua ya njano. Na kote kuna michungwa midogo ya kwenye chungu, iliyojaa matunda madogo ya rangi ya dhahabu. Mti wa urefu wa mtu unakaa nyuma ya kiti, umefungwa kwa mipira, na dereva anakata kona utadhani amebeba mkate.

Barabara kuu namba 1 ndiyo uti wa mgongo wa nchi, kutoka kaskazini hadi kusini. Anh alinifundisha mchezo wa kusoma namba za pikipiki, kwa sababu tarakimu mbili za mwanzo zinataja mkoa. 43 ni Da Nang, 74 ni Quang Tri. 59 ni jiji la Ho Chi Minh, lile wengi bado wanaliita Saigon. 61 ni Binh Duong, uliokuwa mkoa wa viwanda hadi Julai 2025 ulipounganishwa na jiji hilo. Kutoka huko kusini hadi Da Nang ni kilomita zaidi ya 900. Na bado tukazipita 59 na 61 kadhaa, ingawa wengi wao walishapita siku tatu nyuma na sisi tulikuta mkia tu.

Niliwaona wazazi wawili na mtoto katikati, mshikaki kamili, amevikwa koti la mvua na kufungwa kwa kanga ya mama yake, au niseme kitambaa kinachofanana na kanga. Mbele ya baba kuna begi, nyuma ya mama kuna boksi. Mtoto amelala fofofo. Hawa ni watu wa kushona viatu na kuunganisha simu viwandani. Tiketi za treni na basi za msimu ule huwahiwa mapema na bei inapanda. Halafu kijijini utahitaji chombo cha kuzungukia ndugu. Kwa hiyo wanapiga gia, siku mbili, siku tatu.

Katika mikoa kadhaa polisi wa barabarani na vijana wa kujitolea huwawekea vibanda vya maji, mkate na tambi za moto, bure, na fundi wa kuwaangalizia matairi. Ndiyo, umesoma sawasawa: polisi wa barabarani, bure. Oktoba 2021, wakati korona ilipofunga viwanda vya kusini, makumi ya maelfu ya watu walirudi kwao kwa njia hii hii kwa pikipiki, na wakazi wa Da Nang walitoka usiku kuwapa chakula na mafuta. Tet ni safari ile ile, ila hii watu wanaipenda.

JUU YA MAWINGU

Kaskazini ya Da Nang kuna mlima unaoingia baharini, na njia ya kuuvuka inaitwa Hai Van. Tangu 2005 kuna handaki la zaidi ya kilomita 6 chini yake, lakini pikipiki haziruhusiwi kuliendesha ndani. Magari yanapita chini, wanyonge tunapanda juu. Ni kilomita 21 za kona, na kileleni ni mita 496 juu ya bahari. Kwa kweli nisingebadilishana na mwenye gari. Kulia bahari iko chini kabisa, kushoto ni msitu, na wingu linakatiza barabara kama ng'ombe wasio na mchungaji.

Kileleni kuna geti la mawe lililojengwa 1826 na mfalme Minh Mang, lilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena Agosti 2024. Siku nyingine hapo hujaa watalii wa kupiga picha. Siku ile walikuwepo watu sita na bibi mmoja mwenye chai, naye alikuwa anafunga virago. Kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma vidole. Anh hakutaka hata chai. Aliangalia saa: saa 6 kasoro.

PANCHA

Tulishuka Lang Co, tukaipita Hue, mji wa wafalme wa Nguyen hadi 1945. Kilomita kama 20 mbele nikasikia nyuma kunacheza kama nimekalia jeli. Tairi la nyuma, msumari.

Sasa elewa. Mchana wa siku ya mwisho ya mwaka, Vietnam inafunga duka moja baada ya jingine mbele ya macho yako. Mafundi wa pancha wako kila mita mia mbili siku za kawaida, na alama yao unaijua: tairi chakavu lililoning'inizwa kando ya barabara, kama kwetu. Tulisukuma tukapita la kwanza, kufuli. La pili, kufuli. La tatu, kufuli na maua mapya mlangoni. Anh alikuwa hasemi. Simu ikaita, akaiangalia, hakuipokea. Alikuwa mama.

La nne tulimkuta mzee anafagia uwanja. Kufagia kwenyewe kulikuwa kwa haraka, kwa sababu siku ya kwanza ya mwaka hakufagiliwi, usije ukaitoa bahati nje pamoja na takataka. Vifaa alishavifungia. Anh akavua kofia ya pikipiki, akainamisha kichwa, akamwita "bac", baba mkubwa, akamweleza kwao ni wapi na nani anamngoja. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Akaegemeza ufagio, akafungua sanduku.

Tyubu ikatoka, ikazamishwa kwenye beseni la maji, mapovu yakaonekana. Kusugua, solusheni, kiraka, pampu. Dakika 20. Bei dong 50,000, kama shilingi 5,000 za kwetu, juu kidogo ya kawaida, haki yake. Kasheshe ikaja kwenye malipo. Anh alikuwa na noti za laki 5 tupu na mzee hana chenji. Anh akasema atalipa akirudi, siku tano zijazo. Mzee akakataa kabisa, tena kwa mkono wote. Nikadhani hatuamini. Kumbe siyo. Deni halivuki mwaka. Ukiuingia mwaka mpya unadai au unadaiwa, mwaka wote utakwenda hivyo hivyo. Nikatoa noti yangu ya 50,000, mzee akaipokea kwa mikono miwili, akarudia ufagio wake.

Tulipoondoka Anh akageuza shingo: "Em, nitakulipa kabla ya saa sita." Nikamwambia aache utani. Hakuwa anatania.

AMERUDI NANI?

Tulifika saa 11 jioni kasoro, giza halijaingia. Mama alikuwa getini. Hakumkumbatia mwanawe, kule siyo desturi sana. Aliizunguka ile Dream, akapitisha kiganja kwenye kiti, akasema maneno mawili, akaingia jikoni. Nikamuuliza Anh amesemaje. "Amesema: kurudi tayari." Nani amerudi? Anh akafikiri. Kivietnam, akasema, hakilazimiki kumtaja anayerudi. Inaweza kuwa yeye. Inaweza kuwa pikipiki. Akanyamaza, akaenda kunawa uso.

Dakika 30 baadaye alikuwa amevaa shati safi, amesimama mbele ya picha ya baba yake na vijiti vitatu vya ubani. Mezani kulikuwa na kuku mzima wa kuchemsha, sahani ya matunda matano, na banh tet, wali wa kunata uliojazwa choroko na nguruwe, ukafungwa kwenye majani ya mgomba kama gogo na kuchemshwa usiku kucha. Wa kaskazini hufunga wa pembe nne. Waislamu na msiokula nguruwe, msihofu, uko pia wa ndizi. Baada ya ubani kuungua, marehemu wanahesabiwa wamekwishakula, na walio hai tukashika vijiti.

Saa 5 usiku mama alichenji ile laki 5. Anh akaniletea noti ya 50,000 kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mikono miwili. Mwaka ukafungwa bila deni.

Halafu nikapewa sharti. Mtu wa kwanza kuingia nyumbani baada ya saa sita usiku ndiye anayeleta bahati ya mwaka mzima, njema au mbaya. Huchaguliwa kwa umri unaopatana na wenye nyumba, na mambo yake yawe yananyooka. Wao walishamchagua baba mdogo, angekuja saa 12 asubuhi. Kwa hiyo anayetoka nje baada ya saa sita asirudi ndani kabla ya baba mdogo. Sawa, nikasema, mimi silali nje. Tatizo, msomaji wangu, choo kilikuwa uani, na chai nilishakunywa vikombe sita.

Usiku ule sitausahau. Fataki za kulipuka za watu binafsi zilipigwa marufuku tangu 1995, kwa hiyo kijijini hakuna mlipuko, ni televisheni tu na mbwa. Nilihesabu kenchi za paa. Baba mdogo alipoingia saa 12 na dakika 10, amechomekea, na bahasha nyekundu mkononi, hakuna aliyemkaribisha kwa furaha kunishinda.

KIKOMBE NA USUKANI

Siku ya kwanza ni ya upande wa baba, ya pili upande wa mama, ya tatu ni ya kuwasalimia walimu. Ndivyo desturi inavyopanga. Barabara iliyokuwa imejaa miti jana yake ilikuwa nyeupe, unasikia mnyororo wako mwenyewe. Kinamama wamevaa gauni refu la ao dai, wamekaa upande, watoto wanang'ang'ania bahasha. Mimi mkubwa kwa wadogo nikatoa zangu, noti mpya ndogo ndogo, maana noti iliyokunjamana ni aibu.

Kila nyumba kuna kikombe kidogo cha gongo ya mchele. Nyumba kumi, vikombe kumi. Zamani kukataa ilikuwa matusi. Tangu Januari 2020 sheria inasema dereva asiwe na pombe kabisa, hata harufu, na kuanzia Januari 2025 faini zimepandishwa. Pikipiki yenye dereva aliyeonja kidogo tu ni dong milioni 2 hadi 3, aliyelewa ni milioni 8 hadi 10. Kupita taa nyekundu, milioni 4 hadi 6. Kima cha chini cha mshahara mijini mwaka ule hakikufika milioni 5 kwa mwezi. Fanya hesabu mwenyewe.

Nilimwona Anh kwa baba mkubwa mmoja, mzee amemnyanyulia kikombe. Anh akakigusa, akakirudisha mezani, akaonyesha funguo. Mzee akanuna kidogo, halafu akamimina chai. Nyumba ya jirani kulikuwa na kijana wa rika lake, picha yake mpya iko mezani kwenye ubani. Alikufa njiani Tet iliyopita, akirudi kutoka kunywa. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo, nami sikuuliza.

UKITAKA KWENDA

Tet ya 2026 ni Februari 17, ya 2027 ni Februari 6. Tiketi ya treni kata mapema sana. Treni pia hubeba pikipiki. Ukitaka kuendesha mwenyewe, hakikisha kwanza leseni yako inakubalika kule, kwa sababu bima haina huruma na asiye na leseni. Kofia ni sheria tangu Desemba 2007, dereva na abiria. Jaza tangi mchana wa mwisho, beba tyubu ya akiba na noti ndogo, na usitegemee fundi wala mgahawa kwa siku tatu za mwanzo. Na mlango wa mtu asubuhi ya kwanza usiuingie mpaka uitwe.

Tulirudi Februari 2. Mama alifunga boksi nyuma yangu: banh tet sita, mchele, chupa ya mchuzi wa samaki, mayai yaliyozungushiwa magazeti. Sikuwa na pa kuegemea. Juu Hai Van tulisimama, safari hii Anh alitaka chai. Nikamuuliza hesabu imekaaje, zile siku za mara 3 alizoziacha, na bosi aliyesema asiyebaki Tet asahau bonasi. Akazitaja zote kwa vidole, hadi dong ya mwisho. Zilikuwa nyingi.

"Mwakani?" nikamuuliza.

Akalipiga lile boksi kofi kuona kama limekaza. "Mwakani nitaomba ruhusa Novemba," akasema, akapiga kiki.